Somo kwa Vyama vya Msingi: Malihai katika Viwanja vya Shule

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kufahamu kazi ya watoto wa shule katika kurudisha makazi ya viumbe wa porini, na wajibu wa chama katika kazi hiyo.

1. Hasara iliyopatikana

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa unaotegemea kuni. Wengi wao waliporejea kwao Desemba 1996, misitu iliyozunguka makambi ilikuwa imekatwa sana, na wanyama wa mapori ya akiba walikuwa wamewindwa. Watu wenye njaa hawakuwa na nishati nyingine. Basi somo hili halimlaumu mtu.

Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Hifadhi hiyo huwalinda tembo na twiga. Lakini ndege, nyuki na popo huishi pia nje ya mpaka wake, kati ya mashamba ya wanachama, nao wanahitaji makazi.

2. Kazi inayofaa shuleni

Vilabu vya Malihai vilianza nchini mwaka 1980. Jina lenyewe ni funzo: wanyama na mimea ni mali iliyo hai. Shule yenye eneo dogo lisilotumika inaweza kufanya haya:

(a) Kutunza visiki. Miti mingi ya miyombo ikikatwa haifi, bali huchipua tena. Wanafunzi huacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kuondoa mengine. Kwa kuwa mizizi imekwisha kwenda chini, chipukizi hustahimili kiangazi kuliko mche wa kitaluni.

(b) Kupanda mikuyu. Matunda yake huliwa na ndege, popo na nyani, nao huangusha chini yake mbegu za miti mingine. Mkuyu mmoja huwa kitalu kisichodai mshahara.

(c) Kuhifadhi miti ya maua kwa ajili ya nyuki. Maua ya kahawa ya robusta hayazai kwa chavua ya mti ule ule. Chavua huletwa na upepo na wadudu kutoka mti mwingine. Hapo uwanja wa shule hugusa mizani ya chama.

Mikaratusi hufaa kwa nguzo na kuni, lakini haichukui nafasi ya miti ya asili. Ipandwe mahali pake, mbali na chemchemi.

3. Wajibu wa chama

Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka. Kiangazi kinapoanza mwezi Juni shule hufungwa, na ndipo mbuzi na moto huingia. Mtoto hawezi kumwamuru mzee afunge mbuzi wake. Mkutano mkuu wa chama unaweza kukubaliana hivyo, kwa sababu wenye mbuzi ndio wanachama.

Kwa hiyo chama kipange zamu za likizo, na kisafishe njia ya kuzuia moto kabla ya nyasi kukauka. Katibu aandike daftarini miche iliyopandwa, na baada ya mwaka aandike iliyo hai. Kuhesabu iliyopandwa peke yake ni sawa na kuandika mapato bila matumizi.

Msingi wa saba wa ushirika, uliopitishwa kimataifa mwaka 1995, ni kuijali jamii. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauoteshi msitu.

Maswali ya majadiliano

1. Je, katika shule ya kijiji chenu kuna visiki vinavyochipua? Nani huvilinda?
2. Wakati wa likizo, nani ana ufunguo wa kisima na zamu ya kumwagilia?
3. Chama kinaweza kutenga nini, kazi au fedha, kabla ya kiangazi kijacho?