Umegonga kichwa? Usikimbilie kuchuliwa

Abiria wa bodaboda anaanguka kwenye barabara ya Homa Bay kwenda Rongo. Hana kidonda. Anajipangusa vumbi na kwenda zake nyumbani. Jioni kichwa kinamgonga, mwanga unamkera, na maneno aliyoambiwa punde tu yamemtoka. Asubuhi jamaa wanamwita mzee anayesifika kwa kuchua, aje "kurudisha shingo mahali pake".

Huenda nawe msomaji umeyaona haya Migori mjini, Mbita, au kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder. Je, mikono yaweza kutibu mtikisiko wa ubongo?

Ubongo ni laini, na ukisukwasukwa ghafla ndani ya fuvu, utendaji kazi wa chembechembe zake huvurugika. Si lazima mtu azimie, na picha ya eksirei haiwezi kuonyesha hali hiyo. Hakuna mkono unaofika huko. Anayekusugua utosi akidai anapanga ubongo anakula pesa zako bure. (Jirani zetu Abagusii walikuwa na waganga waliopasua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa muda mrefu baada ya kupigwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Hata hivyo, pigo linalotikisa ubongo huivuta shingo pia. Misuli na viungo vya sehemu ya juu ya shingo vikiumia, huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu ambavyo mgonjwa hudhani vyatoka kwenye ubongo. Hapo mtaalamu wa tiba ya viungo ana kazi ya kufanya. Mwaka 2014 watafiti wa Calgary, Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa ambao dalili zao zilikataa kuisha. Kati ya 15 waliotibiwa shingo kwa mikono pamoja na mazoezi ya kusawazisha mwili, 11 waliruhusiwa na daktari kurudi michezoni ndani ya wiki 8. Kati ya 14 ambao hawakupata tiba hiyo, aliruhusiwa mmoja tu. Idadi ni ndogo, lakini mkutano wa wataalamu uliofanyika Amsterdam mwaka 2022 nao uliiunga mkono tiba ya namna hiyo kwa mtu ambaye shingo, kichwa au kizunguzungu vinamsumbua zaidi ya siku 10.

Kuna pia kizunguzungu cha sikio. Ndani kabisa ya sikio mna punje ndogo mno za chokaa zinazotusaidia kujua mwili umekaaje. Pigo huweza kuzing'oa zikaingia mahali pasipo pake, na kila mgonjwa anapojigeuza kitandani, nyumba nzima inazunguka. Daktari Mmarekani John Epley alibuni njia ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa polepole, hatua kwa hatua, hadi punje zirudi zilikotoka. Haichukui zaidi ya dakika chache, na wengi hupona papo hapo au baada ya kurudia mara mbili tatu.

Haya yote ni ya baadaye, baada ya uchunguzi. Siku ya ajali shingo isiguswe, kwani mfupa uliovunjika ukizungushwa waweza kumpoozesha mtu. Akitapika tena na tena, akishikwa na degedege, akisinzia asiamshike, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au maji yakimtoka puani ama sikioni, apelekwe hospitali ya rufaa ya Homa Bay au Migori bila kungoja kuche.

Asiye na dalili hizo apumzike siku moja au mbili, bila pombe wala kupanda pikipiki, kisha aanze kutembea taratibu. Kulala gizani wiki nzima hakumsaidii. Dalili zikikawia, aulize hospitalini idara ya tiba ya viungo. Na yeyote anayetaka kumgusa shingo aonyeshe kwanza kwamba ameandikishwa na Baraza la Wataalamu wa Tiba ya Viungo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.