Dada, Mbona Tangi Langu Linaonekana Tupu?

“Dada, nina tangi la maji ya chumvi la lita 200. Nimepanga mawe matatu tu, na kila mgeni akiingia sebuleni ananiuliza kama pesa ziliniishia. Niongeze?”

Usiongeze, mdogo wangu. Wageni wako waambie wavute subira matumbawe yakue.

Zamani wafugaji wa matumbawe walikuwa na kanuni yao: nusu kilo hadi kilo nzima ya mawe kwa kila lita nne za maji. Kwa tangi lako hizo ni kilo 25 hadi 50, zimerundikwa kwenye kioo cha nyuma kama msingi unaosubiri zege. Hawakuwa wajinga. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Bila wao samaki hawaponi. Lakini bakteria hawachagui nyumba. Vipande vya kauri vyenye vitundu, ukiviweka kwenye tangi la chini penye kichujio, vinafanya kazi ileile bila mtu kuviona. Kama hukuviweka, viweke kwanza, ndipo tuzungumze urembo.

Uzuri wa kuacha nafasi utaujua siku ya usafi. Nyuma ya ukuta wa mawe maji hayapiti vizuri. Kinyesi na mabaki ya chakula hutulia huko, naitreti inapanda, na mwani unaanza kujitandaza. Mawe machache yaliyoachana huruhusu mkondo wa pampu uzunguke pande zote. Acha kati ya jiwe na kioo upana wa kiganja chako, ili sumaku ya kusafishia ipite hata baada ya matumbawe kunenepa. Na usipandishe mawe zaidi ya theluthi mbili ya kina cha maji. Matumbawe yenye matawi yanakua kwenda juu, nayo yanataka mahali pa kwenda.

Nafasi hiyo pia inazuia ugomvi. Yapo matumbawe yanayotoa minyiri mirefu usiku na kumchoma jirani, na yapo yale laini yanayotambaa juu ya jiwe mpaka yakalimaliza. Haya ya kutambaa yape jiwe lao peke yao, mbali na mengine, mchanga uwe mpaka. Ukiyaweka kwenye jiwe kubwa, utakuja kunitafuta.

Sasa kupanga kwenyewe. Kata boksi la karatasi ngumu lilingane na sakafu ya tangi, liweke mezani, upange mawe hapo yakiwa makavu. Jiwe kubwa lisikae katikati kabisa. Lisogeze upande mmoja, dogo liwe upande wa pili. Wapo watakaokuambia mawe lazima yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili, kama walivyozoea Wajapani wanaopanga mawe kwenye matangi ya maji baridi. Mimi sijali hesabu hiyo, ila tazama ukiwa umekaa kwenye kochi lako, maana huko ndiko utakakolitazamia kila siku.

Ukiridhika, gundisha. Supaglu peke yake haitoshi kwa jiwe zito. Tumia saruji ya kuziba maji au gundi ya epoksi ya kukanda kwa mkono, uache ikauke kabisa. Kisha shika jiwe la juu ulinyanyue taratibu: likija na wenzake, umefaulu. Likilia “kra!”, rudia. Mawe yatangulie kwenye kioo cha chini, mchanga ufuate, kwa sababu wapo samaki na kamba wadogo wanaochimba usiku na mchana, na jiwe lililokaa juu ya mchanga wataliangusha.

Mawe machache yana gharama yake: maficho yanapungua. Tengeneza angalau pango moja na upenyo mmoja wa kulala, na samaki wawe wachache. Samaki wawili wa aina ya Nemo watakaa vizuri. Samaki aitwaye kangaja simshauri kabisa kwenye lita 200; anapenda kuogelea masafa marefu, na usiku anataka ufa wa kujibana.

La mwisho, na hapa sicheki. Mtu asishuke ufukweni Mtwapa au Kigamboni na ndoo akachukua mawe. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kwenye sanduku la nguo kunahitaji kibali. Nunua mawe makavu dukani, jaza maji ya chumvi, anzisha bakteria, usubiri wiki nne hadi sita. Samaki wasiingie mpaka upime amonia na naitraiti, vyote visome sifuri.

Na mwenye kutaka nimkagulie mpangilio wake, anitumie picha kabla hajafungua gundi.