Tusome Gazeti la Kiingereza kwa Makini



Katika vikundi vingi gazeti hufika likiwa limeshazeeka. Mtu amelitoa mjini, ama lilikuwa limefunga sukari. Hata hivyo linasomwa. Kijana aliyemaliza shule anatafsiri, akina mama na wazee wanasikiliza, na papo hapo kikundi kinaamua jambo. Shida ni kwamba neno moja likieleweka vibaya, uamuzi wote huenda kombo. Leo tujifunze maneno machache. Anayejua Kiingereza awasomee wenzake polepole.

1. Kichwa cha habari

Kichwa cha habari huandikwa kwa mkato, na kina sarufi yake. Tuseme kimeandikwa "Floods destroy bridge". Mwanafunzi atadhani mafuriko yanabomoa daraja sasa hivi. La, daraja limeshabomoka. Kiingereza cha vichwa vya habari hutumia wakati uliopo kwa jambo lililokwisha kutokea.

Na kikisema "County to build cattle dip"? Hapo lioneni lile neno dogo "to". Maana yake ni kwamba kaunti itajenga josho. Bado haijajenga, na pengine hata haijaanza. Kwa hivyo msisome kichwa tu mkafunga gazeti. Someni habari yote.

2. Maneno ya pesa

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Kuna maneno matatu yanayofanana na ndugu, lakini hayalingani:

"Pledged" – ameahidi. Pesa bado ziko mdomoni.
"Allocated" – zimetengwa katika bajeti. Ziko kwenye karatasi.
"Disbursed" – zimetolewa na kutumwa.

Kikundi kikisikia "allocated" kikaenda kukopa mbegu kwa duka, kikitumaini pesa ziko njiani, mweka hazina atakuja kulia. Ngojeni "disbursed", kisha mwulize zimetumwa kwa nani.

3. Maneno ya mashtaka

"Alleged" ni kudaiwa. Jambo limesemwa, halijathibitishwa. "Suspect" ni mshukiwa, na "accused" ni mshtakiwa, yaani amefikishwa kortini. "Convicted" ni yule ambaye korti imempata na hatia. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo jirani akitajwa gazetini kama "suspect", tusimwite mwizi sokoni. Jina la mtu likiharibika, kulirudisha ni kazi.

4. Sheria

"Bill" ni mswada. Bado si sheria, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. "Act" ni sheria iliyokwisha kupitishwa. Ukichelewa mpaka "Act", utakuwa umekuja wakati meza imeshaandaliwa na chakula kimeliwa.

5. Ilani

Hizi huandikwa kwa herufi ndogo, na watu huziruka. Kumbe ndizo zinazogusa shamba lako! Gazeti rasmi la Serikali, Kenya Gazette, hutoka kila Ijumaa. Ndani yake msajili wa ardhi hutangaza hati za mashamba zilizodaiwa kupotea. Ilani husema kwamba baada ya siku 60 atatoa hati mpya, ikiwa hakuna "objection", yaani pingamizi. Sasa fikiria mtu ameripoti kwamba hati ya shamba lenu imepotea, na kumbe iko ndani ya sanduku la mama! Mkinyamaza siku 60 zikaisha, hati nyingine inaweza kutolewa.

Ilani za urithi nazo huwa na neno "deceased", yaani marehemu. Mtu ameomba korti imruhusu kusimamia mali ya marehemu. Mwenye pingamizi hupewa siku 30 tangu ilani itangazwe. Wajane na mayatima, jambo hili linawahusu sana.

Mkiona jina la familia au nambari ya shamba lenu, andikeni tarehe ya gazeti na nambari ya ilani, kisha mwende upesi katika ofisi ya ardhi au kortini. Pelekeni pingamizi kwa maandishi na mbaki na nakala.

6. Nani anasema?

"Editorial" ni tahariri, maoni ya gazeti lenyewe. "Opinion" ni maoni ya mwandishi mmoja. "Advertiser's announcement" ni tangazo lililolipiwa, hata kama limepangwa likafanana na habari. Dawa ya mifugo ikisifiwa hapo, jueni kwamba anayeisifu ndiye anayeiuza.

Zoezi la kikundi

Leteni gazeti lolote la Kiingereza, hata kuukuu. Gawanyikeni watu watano watano.

(a) Tafuteni kichwa kimoja chenye "to". Je, jambo limefanyika?
(b) Tafuteni habari ya pesa. Zimeahidiwa, zimetengwa, au zimetolewa?
(c) Tafuteni ilani moja. Siku za pingamizi ni ngapi, na zinaisha lini?

Katibu aandike majibu katika daftari la kikundi. Neno likiwashinda, mwulizeni mwalimu wa shule iliyo karibu. Kuuliza si ujinga.