Alama 14 Si Jina la Ugonjwa

Mdogo wangu wa Silver Spring, Maryland, umeniandikia. Ulikwenda kwa daktari kwa kifua kubana na kukosa usingizi, ukajazishwa karatasi ya maswali tisa, ukapata alama 14, na tangu siku hiyo unajiita mgonjwa wa sonona. Nani kakwambia?

Karatasi hiyo ni PHQ-9. Inauliza habari za wiki mbili zilizopita, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Ukifika 10, daktari anatakiwa akuchunguze zaidi. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, msiba, hata zamu za usiku za kutunza wazee (kazi tunayoijua wengi wetu huku Marekani) vyote vinaweza kupandisha alama hizo.

Majina yenyewe ya magonjwa hutoka kwenye kitabu cha DSM, cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani, chenye makao hapo jirani yako Washington. Kilianza 1952, toleo la 2013 likarekebishwa 2022. Humo, sonona inadai dalili tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, tena ziwe zimekutesa au kukuvurugia maisha. Ugonjwa wa wasiwasi wa jumla unadai miezi sita. Uchovu, usingizi mbovu na akili kutotulia vimo kwenye orodha zote mbili, ndiyo maana mtu mmoja hutoka na majina mawili, na mwingine hapewi hata moja ilhali anateseka kweli. Hata wakubwa wanabishana: mwaka 2013 Thomas Insel, akiongoza taasisi ya taifa ya afya ya akili huko huko Maryland, alitangaza kuwa utafiti wao utaacha kufuata makundi ya kitabu hicho. Mimi sikitupi. Bila jina, bima haina cha kulipia.

Ukirudi kwa daktari, usiishie kwenye kifua, maana sisi Waswahili kwa kusema "mwili unauma" na kunyamaza, hatujambo. Eleza yameanza lini na yamekuzuia nini. Kama kuna siku ulilala kidogo mno na bado ukajaa nguvu za ajabu, liseme hilo kabla hujaandikiwa dawa, kwani huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Omba mkalimani wa Kiswahili, mwanao asikutafsirie.

Na swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru, ulijibuje? Hukuniandikia. Kama si sifuri, usingoje miadi wala jibu langu jingine: piga 988, namba ya Marekani ya kuwasaidia wenye mawazo ya kujiua, saa yoyote.