Somo la Vikundi: Kabla Hujauza Ng'ombe kwa Ajili ya Shule ya Kikatoliki



Siku moja mama wa hapa Illasit alinijia ofisini na binti yake, sanduku la shule likiwa bado limefungwa kamba. Alikuwa ameuza mitamba wawili na vitunguu vya msimu mzima ili msichana aingie shule ya bweni. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini ulichagua hiyo?" Akanijibu, "Mwalimu, kwenye geti kuna jina la mtakatifu. Nikajua ni ya Padri."

Haikuwa ya Padri. Ilikuwa ya mtu binafsi. Karo iliongezwa katikati ya mwaka, na muhula wa pili mtoto akarudishwa nyumbani. Ilituchukua miezi mingi kumrudisha darasani. Basi somo letu leo ni hili: jina la mtakatifu peke yake halitoshi. Mzazi aulize, ahesabu, kisha aende akaone.

1. Jua shule ni ya nani

Shule tunazoziita "za Katoliki" ni za aina tatu.

Ya kwanza ni shule ya serikali ambayo Kanisa ni mfadhili wake. Mang'u iliyoanza mwaka 1925 ni ya namna hii, na pia Loreto Limuru alikosoma Wangari Maathai, yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Walimu wake huajiriwa na serikali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili viti vitatu kwenye bodi, na kazi ya kulea watoto kiroho bila kuwalazimisha wa dini nyingine. Nafasi za shule hizi hupangwa na Wizara, kwa hivyo usimsumbue Padri akuandikie barua ukidhani itamwingiza mtoto.

Ya pili ni shule ya binafsi inayomilikiwa na dayosisi au shirika la masista au mabruda. Hapa unaomba nafasi shuleni kwenyewe, na karo ni juu yako yote.

Ya tatu ni ya mfanyabiashara aliyechagua jina la mtakatifu. Inaweza kuwa nzuri, lakini Kanisa halina mkono ndani yake. Ukiwa na shaka, muulize katekista au ofisi ya parokia. Sisi wa Kajiado na wenzetu wa Narok tuko chini ya Dayosisi ya Ngong, na huko wanazijua shule zao. Kuuliza si ujinga.

2. Jua mtoto atasoma nini

Mambo yamebadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na shule ya upili ya juu ni miaka mitatu. Kuna njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Si kila shule ina njia zote tatu. Shule inaweza kuwa na kanisa zuri na masista wapole, lakini kama binti yako anataka uuguzi na shule haina maabara ya maana, umenunua mbuzi kwenye gunia.

Kumbukeni pia kwamba alama za kumpangia mtoto shule hazitoki kwa mtihani mmoja. Mtihani wa Gredi ya 9 una asilimia 60, wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mzazi anayeamka Gredi ya 9 amechelewa.

3. Hesabu karo mpaka mwisho

Wengi wetu huhesabu muhula wa kwanza tu. Tuchukue mfano. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2015 uliweka karo ya bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, ni karibu shilingi 4,463 kila mwezi. Zidisha kwa miaka mitatu, ni shilingi 160,662. Hapo hujanunua godoro, sare wala nauli. Shule ya binafsi inaweza kuwa zaidi ya hapo. Omba orodha ya malipo yote iliyoandikwa, na uulize kama hupandishwa katikati ya mwaka. Basari ikija, tushukuru, lakini usiihesabu kama pesa uliyo nayo mkononi.

Wafugaji tunajua ukame wa 2020 hadi 2022 ulitufanyia nini. Aliyetegemea ng'ombe peke yake kulipa karo alibaki na ngozi. Wacha chama kiweke mfuko wa karo kando, hata kama ni kidogo. Na shule ya kutwa iliyo karibu, yenye walimu wanaoingia darasani, si aibu. Afadhali mtoto amalize ya kutwa kuliko aanze ya bweni na kurudi.

4. Nenda ukaone mwenyewe

Nenda siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Angalia maji, vyoo vya wasichana, na kama milango ya bweni hufunguka kwa urahisi moto ukitokea. Uliza matroni ni nani. Uliza wanaadhibu vipi, maana sheria imekataza kiboko. Uliza pia, "Msichana akipata mimba, mnafanya nini?" Tangu mwaka 1994 Wizara imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Shule inayojibu swali hili kwa huruma na kwa mpango inamjua Kristo zaidi ya ile yenye sanamu kubwa langoni.

5. Wanaotazama ng'ambo ya mpaka

Tarakea ni hapo tu, na wako wazazi wanaofikiria shule za masista upande wa Tanzania. Hakuna ubaya. Lakini kule mtaala ni mwingine: sekondari ni Kidato cha 1 hadi cha 4, na mtihani ni wa NECTA. Kabla ya kuvuka, ulizia cheti hicho kitalinganishwa vipi mtoto akitaka chuo cha Kenya. Kurudi katikati ni vigumu.

Yule msichana wa sanduku sasa anasoma shule ya kutwa, na jioni anamsaidia mama yake shambani. Nilipomwona mara ya mwisho hakuuliza habari za bweni. Aliniuliza kama nina kitabu cha kemia.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni watoto wangapi wa kikundi chetu walianza upili na hawakumaliza? Sababu ilikuwa nini?
2. Tukiweka kiasi gani kila mwezi tutamfikisha mtoto mmoja mwisho?
3. Ni nani wawili watatembelea shule kwa niaba yetu na kutuletea habari?
4. Je, mtoto mwenyewe tumemuuliza?