Vitz ya familia: lita 1.0 au 1.3?

Swali: Tuko watu watano, tunaishi Wete, Pemba, na mara nyingi tunakwenda Mkoani. Tununue Vitz ya lita 1.0 au 1.3? Toleo la juu lina faida?

Jibu: Chukua ya 1.3, toleo la kawaida. Katika Vitz za umbo lililotoka Japani mwisho wa 2010, injini ya lita 1.0 ina silinda tatu na nguvu farasi 69, ya 1.3 ina silinda nne na 95 au zaidi. Utaambiwa injini ndogo hula mafuta kidogo. Ni kweli, kwa dereva peke yake kwenye barabara tambarare. Lakini Pemba ni vilima na mabonde. Gari la 1.0 lenye watu watano na mizigo yao litakanyagwa mafuta sana kwenye kila mwinuko, na akiba ile itapungua. Wapo wasemao toleo la juu huuzika vizuri zaidi baadaye. Huenda, lakini rimu zake kubwa zenye tairi za ubavu mfupi huumia upesi kwenye mashimo, na kuzibadilisha ni gharama. Fedha ya ziada ya toleo la juu mlipe fundi akague kutu chini ya gari, kisha hakikisha mikanda yote mitano inafunga.