Kabla ya Kuweka PIN: Jinsi ya Kujua Kampuni Ipo na Ni ya Nani

Tuseme unaishi Ruiru na umeona tangazo la ploti za 50 kwa 100 kule Gatuanyaga, Thika. Picha ni safi, vigingi vimeshapigwa, na kampuni ina ofisi mjini. Ukipiga simu unaambiwa: "Bosi, zimebaki mbili tu. Tuma elfu ishirini tukushikilie moja, makaratasi utachukua Jumatatu." Muda si muda unatumiwa picha ya cheti cha usajili kwa WhatsApp.

Wengi wetu tukiona cheti tunatulia. Tunasema, kumbe wamesajiliwa! Somo la leo ni kuhusu hilo neno "kusajiliwa": linamaanisha nini, halimaanishi nini, na vile unaweza kulichunguza mwenyewe kabla pesa haijatoka kwa simu yako.

Kwanza, jua unashughulika na nani

Kampuni na majina ya biashara nchini Kenya husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, inayojulikana kama BRS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Zamani kutafuta faili ya kampuni kulimaanisha safari ya Nairobi na foleni pale Sheria House. Siku hizi unaomba ukiwa nyumbani kupitia eCitizen.

Angalia nambari iliyo kwenye cheti. Ikianza na PVT, hiyo ni kampuni ya kibinafsi. Ikianza na BN, hilo ni jina la biashara tu. Kampuni zilizosajiliwa kabla ya mfumo huu zina nambari za mtindo mwingine, kwa mfano zinazoanza na CPR na mwaka, kwa hivyo nambari ya zamani peke yake si dalili ya utapeli.

Tofauti ni kubwa. Kampuni ni mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Jina la biashara ni kama kofia. Aliyeivaa ndiye unayefanya naye biashara, na ndiye utakayemtafuta mambo yakiharibika. Mtu akijiita "kampuni" halafu cheti chake ni cha BN, muulize vizuri.

Hatua za kutafuta

1. Omba jina kamili na nambari ya usajili. Majina hufanana sana. Neno moja likiongezwa katikati, hiyo ni kampuni nyingine kabisa. Biashara halali haitakasirika kuulizwa.

2. Ingia eCitizen kwa akaunti yako, fungua huduma za BRS, kisha uombe taarifa rasmi. Kwa kampuni, hati hiyo huitwa CR12. Ada yake ni mamia ya shilingi, si maelfu. Malipo ya eCitizen hupitia Paybill ya serikali, 222222. Mtu akikwambia utume ada hiyo kwa nambari yake ya simu, achana naye.

3. Soma CR12 polepole. Itakuonyesha wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani na wana hisa ngapi, ofisi iliyosajiliwa iko wapi, na kampuni ilisajiliwa lini. Tangazo likisema "tumehudumia wateja kwa miaka 15" na kampuni ilisajiliwa mwaka jana, umeshapata jibu.

4. Usikubali CR12 uliyotumiwa na muuzaji. Picha huhaririwa, na wakurugenzi hubadilika. Omba yako, ya wiki hii.

5. Omba pia PIN ya KRA ya kampuni, kisha uiweke kwenye sehemu ya kuhakiki PIN katika tovuti ya iTax. PIN ya kampuni huanza na herufi P. Ya mtu binafsi huanza na A. Jina litakalotokea lilingane na lile la CR12.

Ukikwama, au kama huna intaneti ya kutosha, pitia Huduma Centre ya Thika uulize usaidizi.

Majina matatu lazima yakubaliane

Hapa ndipo simu yako inaingia. Unapolipa kwa Paybill au Till, soma jina la anayepokea kabla ya kukubali malipo. Wengi hulipita kwa haraka. Lisome, kisha ulinganishe majina matatu: jina lililo kwenye mkataba, jina lililo kwenye rejista, na jina lililo kwenye simu.

Mkataba ukiwa na jina la kampuni lakini unaambiwa utume kwa nambari ya "mhasibu wetu", kampuni haijapokea chochote. Umempa mtu binafsi pesa zako, na siku ya kudai, kampuni itasema haimjui.

Kuna hali mbili za kuwa makini. Ya kwanza, Till inaweza kuonyesha jina la duka badala ya jina la kampuni. Hilo hutokea kwa biashara halali, lakini waombe waandike kwenye mkataba kwamba Till hiyo ni yao. Ya pili, ukilipa kupitia Paybill ya benki, jina utakaloona huenda likawa la benki, si la mwenye akaunti. Kwa pesa nyingi, ni afadhali uende benki ulipe kwenye kaunta na uhakikishe akaunti ni ya nani.

Kusajiliwa si kuidhinishwa

Hili ndilo jambo tunalotaka ulikumbuke zaidi. BRS ikisajili kampuni, inathibitisha kwamba kampuni ipo. Haithibitishi kwamba ina ardhi, ina kazi za Qatar, au inaweza kukuzalishia pesa. Kikosi kazi cha serikali kilichochunguza miradi ya upatu iliyoporomoka miaka ya 2000 kilitoa ripoti mwaka 2009: zaidi ya Wakenya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Baadhi ya miradi hiyo ilikuwa na vyeti halali vya usajili. Cheti kilikuwa cha kweli, na pesa zikapotea vilevile.

Kwa hivyo baada ya "mmesajiliwa?" uliza "nani amewapa leseni ya kazi hii?" Kisha nenda kwenye orodha ya mwenye kutoa leseni:

- Mikopo ya simu: Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Kanuni zao zilianza 2022.
- Sacco inayochukua akiba: angalia orodha ya SASRA.
- Ajenti wa kazi za ng'ambo: angalia orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Kwa ploti, rejista ya kampuni ni nusu tu ya kazi. Omba nambari ya shamba ufanye upekuzi katika ofisi ya ardhi inayohusika, iwe ya Thika au ya Ruiru. Jina la mwenye ardhi likiwa tofauti na la kampuni inayouza, waulize wanauza kwa ruhusa ya nani, na ruhusa hiyo iwe kwa maandishi. Eneo letu lina historia ndefu ya kampuni za kununua ardhi, kama Githunguri Constituency Ranching kule Ruiru, ambapo wanachama walikuwa na hisa ndani ya kampuni. Ukionyeshwa cheti cha hisa, jua hicho si hati miliki.

Zoezi la wiki hii

Usingoje mpaka siku ya kununua. Chukua biashara moja unayoilipa kila mwezi: kampuni inayosimamia nyumba unayokodi, shule ya mtoto, au chama kinachoweka akiba yenu. Andika jina lililo kwenye risiti na jina linalotokea kwenye simu. Je, ni moja? Kama hapana, uliza sababu kabla ya malipo yajayo.

Na kama umeshatuma na unaona mambo hayaeleweki, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa ajenti ni vigumu sana kuirudisha. Hifadhi ujumbe wa malipo, mkataba na mazungumzo ya WhatsApp, kisha uripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa laini ya bure ya DCI, 0800 722 203.

Sisi kazi yetu ni kufikisha pesa kwa nambari uliyoandika. Kujua nambari hiyo ni ya nani, hiyo ni kazi yako. Ploti zikiisha kwa sababu ulitaka siku mbili za kuuliza, acha ziishe.